Tumerudi nyumbani, sindano tumeiacha wapi?

UKIINGIA katika nyumba nyingi za watu waliorudi nchini kutoka Tanzania, hasa huku Makamba, Rumonge na Ruyigi, hutakosa kuona mfuko uliosukumwa chini ya kitanda au kuwekwa juu ya kabati. Ndani yake mna shuka jeupe lililochorwa maua kwa karatasi ya kaboni. Ua la kwanza limekamilika, jani na kikonyo chake. La pili limeishia nusu, na sindano bado imechomekwa palepale, imeanza kushika kutu.

Mwenye shuka ukimuuliza atacheka tu. "Nitalimaliza nikipata nafasi."

Nafasi hiyo haiji. Kwa maoni yangu haitakuja kamwe kwa wale wanaoingoja, kwa sababu nyumba yenye watoto haina siku ambayo shughuli zimekwisha. Vyombo vikioshwa, nguo zinangoja. Nguo zikianikwa, kuna mtoto mwenye homa. Mama anayesubiri nyumba itulie ndipo ashike sindano atasubiri mpaka wajukuu wazaliwe, na wajukuu nao watataka kubebwa.

Nazungumzia kazi ya kufuma mashuka, foronya na vitambaa vya makochi kwa sindano ya mkono na nyuzi za rangi. Wengine huita kudarizi; waliofundishwa na masista huita broderi. Wapo pia wanaounganisha vipande vya vitenge walivyookota kwa mafundi cherehani na kutengeneza blanketi la viraka. Yote ni kazi ya sindano, na yote yanakufa kwa ugonjwa mmoja.

Wengi wetu kazi hii tuliipata uhamishoni. Waliokimbia mwaka 1972 wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo waliishi miaka mingi katika nchi ambayo shuka la kufuma ni sehemu ya heshima ya nyumba. Waliokimbia baada ya mwaka 1993 wakaishi Mtabila, Kanembwa au Nduta walifundishana wao kwa wao mbele ya mlango, mmoja akishika fremu na mwingine akitazama mkono unavyokwenda. Wapo mabinti waliotoka kambini bila cheti chochote, lakini mshono wa mnyororo na mshono wa kujaza wanaujua kama wanavyojua majina yao.

Kambini muda ulikuwepo. Lakini tuseme ukweli kuhusu muda ule. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, hakuwa na shamba la kueleweka, na chakula alikipata kwa kupanga foleni ya mgawo. Mwanamke aliyekaa saa nne mfululizo akifuma hakuwa amestarehe, alikuwa amezuiwa. Sindano ilimsaidia asiwaze mno.

Leo amerudi. Ana shamba la mihogo, ana watoto shuleni, ana kikundi cha kuweka na kukopa, kile ambacho ng'ambo ya mpaka wanakiita vikoba. Jumamosi asubuhi kuna kazi za jamii, Ijumaa au Jumapili kuna ibada, na katikati ya wiki anavuka Mugina kwenda Manyovu kufuata mchele na mahindi. Muda wake umejaa kwa sababu maisha yake yamerudi mikononi mwake.

Kwa hiyo kina mama wanaojilaumu kwamba wamekuwa wavivu, kwamba "zamani nilikuwa namaliza shuka kwa miezi miwili", wanajipima kwa kipimo cha kambi. Kipimo hicho kitupwe. Mtu huru hufuma polepole kuliko mtu aliyefungiwa, na hilo halina aibu yoyote.

Sasa wapo watakaouliza, kuna haja gani? Shuka la dukani limejaa Kobero mpaka Bujumbura, lina maua tayari, na bei yake ni ndogo. La mtumba ni rahisi zaidi. Mume mmoja mmoja naye husema bila haya: acha kuchezea nyuzi, kuna kazi.

Swali hili ni la haki na linastahili kujibiwa bila hasira. Ukilinganisha saa zilizotumika na bei ya sokoni, shuka la kufuma ni hasara. Mfanyabiashara wa mpakani anajua hesabu kuliko mimi na hawezi kudanganywa. Ndiyo maana siafikiani na wale wanaokuja kwenye semina wakiwaambia kina mama kwamba kila kazi ya mkono lazima iwe mradi. Sikatai mradi. Lakini tazama kinachotokea: mama aliyekuwa akifuma kwa kupenda anaambiwa afume ili auze, anauza jozi mbili kwa bei ya kutupa, anakata tamaa, na baada ya hapo hafumi kabisa, hata lile la kitanda chake. Kazi iliyokuwa yake imegeuzwa biashara, biashara imekufa, na kazi imekufa nayo.

Anayetaka kuuza na auze. Ajue tu kwamba Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na kwamba kwa mzigo usiozidi dola 2,000 uliotengenezwa ndani ya Jumuiya kuna cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa palepale mpakani, ili mzigo usitozwe ushuru wa forodha. Aulize kwanza forodhani kama bidhaa yake imo katika orodha, maana kitambaa kilichotoka mbali ya Jumuiya kinaweza kuleta maswali. Na auze kwa oda, kwa mtu aliyechagua rangi mwenyewe na kulipa malipo ya awali. Kulitembeza shuka la kufuma sokoni kando ya yale ya kiwandani ni kulidhalilisha.

Lakini aliye wengi, na huyu ndiye ninayemwandikia, hataki kuuza. Anataka kumaliza. Anataka binti yake aolewe na shuka lililotoka mkononi mwa mama. Anataka kulipeleka kwa dada yake aliyebaki ng'ambo, mmoja wa wale zaidi ya 160,000 wa mwaka 1972 waliopewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Ukoo uliogawanyika na mpaka una vitu vichache vya kupeana ambavyo havinunuliki dukani. Hiki ni kimoja.

Basi tuje kwenye namna ya kulimaliza.

Nianze na ukubwa wa kazi. Shuka zima ni zito, linaburuzika, linachafuka, na kulifunua tu ni kazi. Nawashauri wenzangu tujifunze kwa mafundi wa kofia wa Zanzibar na Lamu. Kofia ya viua, ile yenye vitundu vidogo vidogo vilivyoshonwa ukingoni, huchukua wiki nyingi na wakati mwingine miezi, na wengi wanaoishona ni wanawake walio nyumbani na watoto wao. Wanaiweza kwa sababu ni ndogo. Inakaa kwenye kikapu, inashikwa wakati chungu kinachemka, inawekwa chini mtoto akilia. Hakuna anayehitaji meza wala chumba.

Anayetaka kufuma katikati ya shughuli na aanze na foronya, au kitambaa cha kochi. Anayeunganisha viraka ana bahati zaidi, maana kila kipande kinajitegemea. Atashona viraka vinne leo, vinne kesho kutwa, na kuviunganisha vyote siku ya mwisho. Hata shuka kubwa linaweza kukunjwa na kufungwa kwa kitambaa safi, ikabaki nje kona moja tu inayofanyiwa kazi. Mfanyabiashara anayesubiri mhuri au gari lijae anaweza kuwa na kipande chake ndani ya mfuko wa nailoni, mbali na vumbi. Saa tunazozipoteza mpakani katika mwezi mmoja zingetosha kumaliza mto.

Halafu hesabu. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, ni saa mbili na nusu. Kwa wiki 50 ni saa 125. Kwa mkono uliozoea, saa hizo zinatosha jozi ya mashuka yenye maua ya kona na foronya zake mbili. Jozi moja kwa mwaka! Wengine wataiona ni kidogo. Lakini mwenye mabinti watatu wadogo akianza leo, watatu wote wataolewa na jozi zaidi ya moja.

Nusu saa hiyo lazima iwe na jina. Iwe baada ya chakula cha usiku, au alfajiri kabla watoto hawajaamka, lakini iwe ileile kila siku, na watu wa nyumbani waijue kama wanavyojua saa ya kula. Hapa ndipo baba anapoingia. Hakuna anayemwambia mwanamume arudi kutoka kijiweni kwa sababu sahani hazijaoshwa. Muda wake wa kupumzika unaheshimiwa bila kutangazwa. Mama naye apewe nusu saa ambayo haitwi, haulizwi chumvi iko wapi, wala habebeshwi mtoto. Baba anayeona hili ni kubwa mno na ahesabu dakika anazokaa na redio.

Jambo jingine ni wenzako. Kambini hatukufuma peke yetu, na nadhani hili tulilisahau haraka kuliko yote. Mtu akiwa peke yake hulala, au huona kazi haina maana. Wakiwa watano, mmoja akileta ua jipya wanne wanataka kulifuma. Vikundi vya kuweka na kukopa vinakutana kila wiki tayari. Badala ya kukaa mikono mitupu wakati mweka hazina anahesabu na kuhesabu tena, kila mmoja aje na kipande chake. Haihitaji katiba mpya wala mfadhili.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, katika jimbo la Alabama, kuna mahali panaitwa Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi ambao wazee wao walikuwa watumwa katika shamba la pamba. Wanawake wa pale walikuwa wakilima, wakilea watoto wengi, na usiku wakishona mablanketi ya viraka kutokana na suruali za kazi zilizochakaa, kwa sababu nyumba zilikuwa na baridi na fedha ya blanketi haikuwepo. Mara nyingi walikutana kushona pamoja. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wao wa kushona. Mwaka 2002 mablanketi yao yalionyeshwa katika jumba la makumbusho ya sanaa mjini Houston, kisha New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikayachapa kwenye stempu. Hawakushona ili wafike kwenye stempu. Walishona usiku wakiwa wamechoka, na kila blanketi lilianza na kipande kimoja cha suruali ya zamani.

Kuhusu watoto, wapo wanaosema hawawezi kufuma kwa sababu ya watoto. Mimi nasema wawape sindano. Mtoto wa miaka minane anaweza kushona mshono wa kurukia kwenye kipande cha gunia kwa uzi mnene, na anayeshona hapigi kelele. Na wavulana pia wafundishwe. Mafundi cherehani wengi wa masoko yetu ni wanaume, na hakuna aliyewahi kuwacheka. Sijui kwa nini sindano ya mkono ionekane ya kike na ya cherehani ionekane ya kiume. Tusipofanya hivyo, mshono tuliouhifadhi kambini miaka kumi au ishirini utapotelea hapa nyumbani, tukiwa na amani na mashamba yetu. Binti aliyezaliwa baada ya kurudi anaona shuka la mama limekunjwa mfukoni, hajawahi kuona mkono wa mama ukilifanyia kazi. Atajifunza wapi?

Mwisho kuna jambo ambalo wengi hawalisemi, nalo ni macho. Mtu akifika miaka 40 na kitu, kuona vitu vya karibu kunaanza kuwa taabu. Mama anajaribu kutunga uzi usiku mara tatu, unakataa, anaweka shuka pembeni na kusema hana hamu. Hamu anayo, asichoona ni tundu la sindano. Akapimwe, maana miwani ya kusomea mara nyingi inatosha. Taa ya sola iwekwe upande wa mkono usioshika sindano, ili kivuli kisiangukie kwenye kazi. Rangi nyeusi na kahawia zifumwe mchana, nyeupe na njano zibaki za usiku. Na kabla watoto hawajalala, mmoja wao mwenye macho makali atunge nyuzi kwenye sindano tano au sita na kuzichomeka kwenye kipande cha kitambaa, mama azikute tayari.