Akili mnemba inaweza kutuliza stima, lakini tupeni data

Umewahi kuona taa ikififia saa moja jioni ploti nzima ikiwasha koili, halafu usiku wa manane inawaka hadi inauma macho? Hiyo ni volteji ikishuka na kupanda. Soketi yako inafaa kupata volti 240. Zikipungua sana friji inanguruma bure. Zikizidi, TV inaungua na fundi wa mtaa anapata kazi. Kinyozi wangu ashaunguza mashine mbili.

Usikimbilie kulaumu upepo na jua. Sehemu kubwa ya stima ya Kenya tayari inatokana na mvuke wa Olkaria, maji, upepo na sola, na hiyo ni sifa. Ila ina kazi yake. Shamba la upepo la Ziwa Turkana lina uwezo wa megawati 310, na umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa. Waya mrefu hivyo una tabia ya ajabu: upepo ukizembea na mzigo ukiwa mdogo, volteji hupanda yenyewe.

Zamani ilitosha kurekebisha volteji kwenye transfoma, hatua kwa hatua. Lakini wingu likifunika paneli, mambo hubadilika kwa sekunde. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika nyumbani, inaweza kuvuta volteji chini au kuisukuma juu upesi sana. Shida ni nani atakayezipa inveta zote amri kwa pamoja.

Hapo ndipo programu inayojifunza inaingia. Inafunzwa kwenye mfano wa gridi ndani ya kompyuta, inakosea mara maelfu bila kuzima hata balbu moja, mpaka inajua ni inveta gani ivute na gani isukume.

Mimi naiunga mkono, lakini isiachiwe usukani wote. Kuna siku itakutana na hali ambayo haijawahi kuona. Lazima iwe na mipaka isiyoweza kuvuka, na mhandisi mwenye ruhusa ya kuizima. Tuliokaa gizani usiku wa Agosti 25, 2023, tunajua gridi ikianguka haiulizi kama uko ndani ya lifti.

Halafu kuna data, na hapa ndipo nina kelele zaidi. Programu ikifunzwa kwa vipimo vya Ujerumani itaijua Ujerumani. Githurai saa moja jioni haitaijua. Vipimo vya volteji viwekwe wazi, bila majina wala namba za mita za wateja, ili wewe mwenye laptop na digrii ya uhandisi inayolala kabatini ujaribu bahati yako.

Kwa hivyo wakija mtaani kukusanya maoni kuhusu stima, usiulize bei ya tokeni pekee. Uliza volteji ya transfoma yenu hupimwa mara ngapi kwa siku, na nani huiangalia.