Nyumba Yetu: Okidi Haitaki Udongo

Jirani yangu mmoja alipostaafu kazi, watoto wake walimletea zawadi ya okidi yenye maua meupe, yaliyopangana juu ya kikonyo kimoja mithili ya vipepeo. Mama huyu amelea mchicha, bamia na watoto watano, wala hakuona sababu ya kushindwa na ua moja. Aliitoa okidi katika chombo chake kidogo, akaipanda katika kopo la maziwa alilolijaza udongo mweusi, akawa anaimwagilia asubuhi na jioni. Haikupita miezi miwili majani yakalegea na kuwa manjano. Naye kila yalipozidi kulegea alizidisha maji. Siku aliponiita alisema kwa unyonge, "Mwanangu, watoto wakija watadhani nimeidharau zawadi yao."

Mama yule alikosea kwa wema. Okidi nyingi zinazouzwa kwa ajili ya nyumbani, hasa za jamii ya Phalaenopsis zenye asili ya misitu ya Asia, huota juu ya matawi ya miti. Haziunyonyi mti, huushikilia tu, na mizizi yake hukaa hewani. Mizizi hiyo imevikwa ganda jeupe mfano wa sifongo, ambalo hufyonza mvua na umande upesi, kisha upepo huikausha. Hata hapa kwetu iko okidi ya namna hiyo, Ansellia, ambayo maua yake ya manjano yana madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Ukiifukia mizizi ya aina hii katika udongo mzito, unaikosesha hewa, nayo huoza. Hapo mmea hufa kwa kiu ilhali umezungukwa na maji, maana hauna tena cha kunywea.

Tuliing'oa okidi ile tukaiosha. Mizizi iliyokuwa laini na ya kahawia tuliikata kwa wembe uliopitishwa motoni. Ikabaki minne tu iliyo imara. Tulitafuta chungu chenye matundu chini na ubavuni, tukatia vipande vya mkaa vya ukubwa wa kidole gumba, pamoja na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, yakalowekwa na kusuuzwa mara kadhaa ili kutoa chumvi. Humo ndimo tulimoisimamisha.

Nawe ukiwa na okidi ya namna hii, zingatia mambo manne.

Kwanza, maji. Usihesabu siku, bali tazama mizizi. Ikiwa ya kijani, ingali na maji. Ikigeuka kijivu, mwagilia asubuhi mpaka maji yatoke chini, kisha yaache yachuruzike yote. Chungu kisisimame ndani ya sahani ya maji, wala maji yasilale katikati ya majani usiku.

Pili, mwanga. Iweke karibu na dirisha, mahali penye mwanga wa kutosha lakini pasipochomwa na jua la mchana. Majani ya kijani kilichokolea mno ni dalili ya giza. Yenye mabaka yaliyoungua yamepata jua kali.

Tatu, mbolea. Iyeyushe katika maji kwa robo ya kipimo kilichoandikwa, uitie mara moja au mbili kwa mwezi. Mbolea nyingi huunguza mizizi.

Nne, subira. Maua yakianguka baada ya miezi miwili au mitatu, usiutupe mmea, unapumzika tu. Phalaenopsis huchochewa kutoa kikonyo kipya na usiku wa baridi kidogo, kwa hiyo wakazi wa pwani watazamie msimu wa kipupwe.

Jambo la mwisho ni la dhamiri. Usinunue okidi iliyobanduliwa msituni. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula, na porini haioti pasipo msaada wa kuvu. Tena hupita miaka kadhaa kabla ya ua la kwanza. Kule Kitulo, katika nyanda za juu za kusini, okidi za ardhini zimechimbwa kwa wingi ili viazi vyake vipelekwe Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Mwaka 2005 eneo hilo lilifanywa Hifadhi ya Taifa. Kinachong'olewa kwa dakika moja hakirudi upesi. Nunua kwa mkulima aoteshaye mwenyewe, au omba chipukizi kwa rafiki.

Okidi ya jirani yangu haijachanua bado. Lakini watoto wake walipomtembelea, hakuificha. Aliwashika mkono mpaka dirishani, akawaonyesha mzizi mpya wenye ncha ya kijani, usiozidi punje ya mchele.