Daktari ameruhusu, polisi amekataa
Na Espérance Mlondani

Mtu aliyezaliwa Kalundu, hapa Uvira mashariki mwa Kongo, akakulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, Tanzania, kisha akapokelewa Australia, anaweza leo kuandikiwa bangi na daktari kwa ajili ya maumivu yasiyoisha. Anainunua farmasia, karatasi mkononi. Kesho yake anashika usukani akiwa mzima kabisa, polisi wanampima mate, na anashtakiwa.

Hakuyumba barabarani. Amekutwa tu na THC, kiungo cha bangi kinacholevya. Pombe hutoka mwilini kwa saa chache, na kiasi chake katika damu hueleza kwa karibu jinsi dereva alivyolewa. THC hujificha kwenye mafuta ya mwili. Kwa anayetumia bangi kila siku, mabaki yake huweza kuonekana kwenye damu siku kadhaa baada ya ulevi kuisha. Kipimo kinaonyesha kwamba ilitumika. Kama dereva amelewa sasa hivi, hakijui.

Jimbo la Victoria, ulipo mji wa Melbourne, liliruhusu bangi ya matibabu mwaka 2016. Ilibidi kungoja hadi tarehe 1 Machi 2025 ndipo mahakimu wakapewa nafasi ya kumwachia permi, yaani leseni ya udereva, mgonjwa mwenye karatasi ya daktari. Muda wote huo, mtu aliyefuata dawa yake kama alivyoagizwa aliweza kupoteza permi, na pamoja nayo kazi. Sheria ya jinai ya Kanada haimpi mgonjwa nafuu kwenye vikomo vyake vya THC. Ujerumani ilitafakari zaidi: mwaka 2024 iliweka kikomo cha nanogramu 3.5 za THC kwa mililita ya seramu ya damu, lakini mgonjwa anayefuata maagizo ya daktari hahukumiwi kwa kikomo hicho, mradi awe na uwezo wa kuendesha salama. Huko ndiko kwenye haki.

Msomaji wa Mulongwe, hapa Uvira, atauliza haya yanamhusu nini, maana Kongo ilipiga bangi marufuku tangu enzi za Mfalme Leopold wa Pili. Yanamhusu. Rwanda, ambayo magari mengi ya Uvira yamezoea kupitia kati ya Kamanyola na Bukavu ili kukwepa milima ya Ngomo, ilikubali Oktoba 2020 kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje. Jirani amekwisha kuiita dawa, hata kama uvutaji bado ni kosa kwake.

Tena dawa zinazomlegeza dereva tunazo tayari. Kwinini hupigisha masikio kelele na kuleta kizunguzungu. Diazepamu hulaza. Tramadoli, ambayo baadhi ya wamotari, waendesha pikipiki za abiria, humeza ili wavumilie siku nzima juu ya tandiko, huweza kuleta usingizi na hata kifafa. Nyingi kati ya hizi hununuliwa bila karatasi, na muuzaji hamuulizi mnunuzi kama anaendesha kitu. Na sheria yetu ya barabarani ni ya zamani, ya Agosti 1978. Polisi barabarani huomba vyeti vya gari na permi. Macho ya dereva hayatazamwi.

Na barabara yetu, ile ya kutoka Uvira kwenda Bukavu, haisamehe. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, likawaka moto na kuua watu zaidi ya 230. Ajali hiyo haitajwi hapa kwa sababu ya dawa. Inatajwa kwa sababu kutoka Kavimvira hadi Luvungi watu wanaishi pembeni kabisa mwa barabara, na kosa la dereva mmoja huingia nyumbani kwa watu.

Kwa hiyo siku Kinshasa itakapoamua kununua vipimo vya mate, isinunue pamoja navyo sheria ya Victoria ya miaka ile. Ipime uwezo wa mtu: anatembea sawa, anajibu sawa, anaona sawa? Hilo halihitaji mashine, linahitaji polisi aliyefundishwa. Farmasia nazo zingeweza kuanza kesho, kwa kuandika kwenye bahasha ya dawa: usiendeshe. Shida kubwa iko kwa motari mwenyewe. Akikaa nyumbani siku tatu kwa ajili ya kwinini, mwenye pikipiki bado anangoja pesa yake kila jioni. Vyama vya wamotari ndivyo vinavyoweza kumwombea siku hizo tatu, na hadi sasa havijaombwa kufanya hivyo.