Barakoa si nzito, macho ya watu ndiyo mazito

Samahani kwa kupotea, nilikuwa field, na kule intaneti mpaka upande kilimani.

Leo nina dukuduku. Wiki ya tatu nilibanwa na mafua na kikohozi. Darasa langu la kidato cha kwanza lina watoto zaidi ya 80, wamebanana kama dagaa, nikaona si uungwana kuwakoholea. Nikavaa barakoa. Basi ikawa nongwa! Ofisini mwalimu mmoja akahamisha kiti. Mchana nasikia watoto wananong'ona eti ticha ana TB. Ajabu, jana yake nilikohoa waziwazi kutwa nzima na hakuna aliyehama.

Nikakumbuka mwanzoni mwa 2021, enzi za korona. Wenzetu Kenya walikuwa na sheria, ukikutwa huna barakoa faini hadi shilingi 20,000 za kwao. Sisi takwimu za wagonjwa zilikuwa hazitangazwi tangu mwishoni mwa Aprili 2020, na faini hatukuwa nayo. Polisi wetu walikuwa macho ya watu. Ukivaa kwenye daladala unaambiwa unaleta uchuro, imani yako ndogo. Mimi nilivaa siku mbili, ya tatu nikaitia mfukoni. Na jioni nilikuwa narudi kulala chumba kimoja na bibi mwenye pumu. Hakuugua, namshukuru Mungu, ila nakiri: nilimweka rehani ili nisichekwe.

Sisemi barakoa ni raha. Inabana masikio, miwani inaingia ukungu, na kwa mwalimu ni balaa. Siku ile nafundisha matamshi, "thamani" na "samani", na ulimi hawauoni! Pale mbele kuna binti asiyesikia vizuri, huwa ananifuata kwa kutazama midomo. Nilipovaa tu akaweka kalamu chini. Ikabidi kila kitu nikiandike ubaoni, chaki zikaisha kabla ya kipindi. Mzigo huo naukubali, ni halali yangu. Wa kuhamishiwa kiti siukubali ng'o.

Sasa nimepona, ila rum meti wangu kaanza kukohoa tangu juzi. Nimempa barakoa mbili zilizobaki. Anasema atavaa akishaingia lecture, njiani hapana, watu watamwonaje.