Mali Bila Daftari: Nafasi ya Kiswahili Katika Ung'amuzi wa Biashara, Kitale na Bungoma

Wahenga waliponena kwamba haba na haba hujaza kibaba, walichukulia kuwa kibaba ni kimoja kwa wote. Katika kampuni kubwa za leo kibaba si kimoja. Mfano ni kiwanda chochote cha sukari. Idara ya mashamba hukadiria miwa ingali imesimama kondeni. Idara ya uchukuzi huhesabu safari za matrela. Nayo idara ya uhasibu hulipa kwa uzani uliosomwa kwenye mizani ya kiwandani, baada ya muwa kulala chini na kukauka. Kila idara huandika neno lile lile, 'miwa', lakini kila moja ina jumla yake. Meneja akiuliza ni tani ngapi zilizopatikana, hupewa majibu matatu, na yote matatu ni ya kweli.

Ili kuondoa mkanganyiko wa aina hii, kampuni nyingi ulimwenguni zimeunda kile ambacho katika makala haya kitaitwa kituo cha umahiri cha ung'amuzi wa biashara. Istilahi hii yahitaji kutetewa. Neno la Kiingereza linalotumiwa katika uwanja huu hubeba maana ya akili, na pia maana ya upelelezi. Mwenye kutafsiri kwa pupa angesema 'ujasusi wa biashara', na mkulima wa Kimilili akisikia kwamba kampuni imemletea idara ya ujasusi, hana budi kufunga lango. Kung'amua ni kutambua jambo lililokuwa limefichika, na hiyo ndiyo kazi ya kituo chenyewe.

Kituo hicho si jengo. Ni kikundi kidogo cha watu waliotoka katika idara za fedha, kompyuta, mauzo na mashamba, chini ya kiongozi mwenye mamlaka ya kukata shauri idara zinapovutana. Kikundi hukubaliana juu ya maana ya kila kipimo, hukusanya data zote katika ghala moja, huwafundisha wafanyakazi kuzisoma, kisha hufuatilia kama maamuzi yaliyofanywa yalitegemea data hizo. Wengi hudhani kwamba kazi ya kwanza ni kununua programu ghali. La hasha! Kazi ya kwanza ni kutunga kamusi: 'muwa' ni nini, 'mkulima' ni nani, 'mavuno' huhesabiwa wapi na lini. Kuweka kidahizo, kutoa fasili, kuchora mipaka ya maana na kutenga polisemia ni leksikografia, na leksikografia ni somo la wanafunzi wa Kiswahili.

Kitale inao ushahidi kwamba jambo hili lawezekana. Kampuni ya Mbegu ya Kenya iliasisiwa mjini humo mwaka 1956, karibu na kituo cha utafiti ambako mahindi chotara ya nyanda za juu yalizalishwa. Mwaka 1964 aina ya H611 ilitolewa, na baadaye ikafuatwa na H614 iliyopata umaarufu mkubwa. Tarakimu hizo hazikuokotwa tu. Mfululizo wa 600 ulitengewa nyanda za juu, na ule wa 500 nyanda za wastani. Mtafiti, mwenye duka na mkulima wa Trans Nzoia wote huitaja mbegu kwa tarakimu zile zile wakiwa na maana ile ile. Msimbo wa maabara umekuwa msamiati wa shambani kwa sababu ulikuwa na fasili moja, nao haukufungiwa ofisini.

Bungoma nayo ina funzo lake. Shirika la One Acre Fund lilianzia huko mwaka 2006 likiwa na familia za wakulima zisizotimia 50. Mbegu na mbolea zilitolewa kwa mkopo, na malipo yakafanywa kidogo kidogo. Shughuli kama hiyo haiwezi kudumu bila kujua nani amelipa kiasi gani, na kila ekari ilitoa nini. Basi daftari ndiyo roho ya shirika lenyewe. Lakini kila tarakimu inayoingia daftarini huanzia katika mazungumzo ya watu wawili waliosimama kondeni.

Hapo ndipo penye tatizo. Afisa huuliza, 'Ulivuna kiasi gani?' Mkulima hujibu, 'Magunia kumi.' Je, ni magunia ya kilo 90 ya mahindi yaliyopukuchuliwa na kukaushwa, au ni magunia ya magunzi yaliyojazwa mpaka yakafura? Je, yale aliyokwisha kuyapima kwa debe na gorogoro na kuyauza sokoni yamo? Na aliyehojiwa ndiye 'mkulima' kwa fasili ipi: mume mwenye hati ya shamba, au mke aliyepanda na kupalilia? Swali likiwa limetungwa kwa Kiingereza, likafasiriwa papo hapo na kila afisa kwa namna yake, kisha jibu likarudishwa kwa Kiingereza, data huwa imepindika mara mbili kabla ya kufika kwenye tarakilishi. Hakuna programu iwezayo kuinyoosha.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba katika vijiji vingi vya Bungoma lugha ya nyumbani ni Kibukusu au Kisabaoti, wala si Kiswahili. Hoja hii ina uzito, na afisa anayejua lugha ya nyumbani hana sababu ya kuiacha. Hata hivyo, Trans Nzoia ni eneo la walowezi wa makabila mengi, na panapokutana Mbukusu, Mkalenjin, Mkikuyu na Mturkana, lugha ya mapatano ni Kiswahili. Tena Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo yataka mtu aelezwe data zake zinachukuliwa kwa madhumuni gani. Aliyeelezwa kwa lugha asiyoielewa hakuelezwa kitu.

Wengine watasema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Lawama hii inawaangukia wanaisimu wenyewe. Miaka mingi imepita wakibishana kama chombo kile ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi, huku karani wa mizani akiendelea na kazi yake bila kuwangoja. Istilahi zinazobuniwa mezani hufia mezani. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko Bungoma kwenyewe. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali. Aende kwenye mizani, kwenye ghala la mbegu na kwenye mkutano wa wakulima, asikilize maneno yanayotumika, kisha ayatolee fasili. Kampuni nazo zimpe kiti katika vituo vyao, si kama mfasiri wa matangazo, bali kama mtunzi wa kamusi ya data.

Faida ya kazi hiyo haitakuwa ya wenye kampuni pekee. Kiwanda cha Nzoia, kilichoanzishwa mwaka 1975, kilikodishwa kwa mwekezaji wa kibinafsi mwaka 2025. Uongozi unapobadilika namna hiyo, mkulima hubaki na shamba lake na karatasi zake za madai. Iwapo karatasi ile yasema alileta tani ngapi, alikatwa nini na kwa sababu gani, kwa lugha anayoisoma na kwa vipimo vilivyokubaliwa, anayo silaha ya kudai haki yake. Iwapo hasomi kilichoandikwa, ung'amuzi ni wa upande mmoja: kampuni yamjua mkulima, mkulima haijui kampuni.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mkulima wa Kitale na Bungoma, daftari asiloweza kulisoma halina tofauti na daftari lisilokuwapo. Wataalamu wa Kiswahili wanaweza kulifanya lisomeke, na kazi hiyo ianze na neno moja: gunia.