Kompyuta Bubu Si Kompyuta Mfu

Familia ya askari inayotaka kompyuta kwa ajili ya masomo ya watoto aghalabu hununua ile iliyokwisha kutumika ng'ambo, kwa kuwa mpya bei yake haishikiki. Kompyuta ya namna hiyo huja na uchovu wake, na haipiti miezi mingi kabla mtu hajashauri ifutwe yote na kuwekewa Windows upya. Vijana huiita kazi hiyo "kupiga Windows", nao huimaliza kwa muda wa saa moja. Taabu huanza baada ya hapo.

Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ya sajini mmoja, ambaye binti yake alikuwa akijitayarisha kwa mtihani wa kidato cha nne. Kompyuta mpakato yao ilipigwa Windows 10 siku ya Jumamosi na kijana wa jirani. Jioni ilipowashwa ilikuwa nyepesi kama mpya, lakini haikutoa sauti hata kidogo. Herufi zilikuwa zimevimba juu ya kioo, mwanga haukuweza kupunguzwa, na alama ya waifai ilikuwa imetoweka. Masomo ya binti yule karibu yote yalikuwa yakipatikana kwa njia ya intaneti.

Kaka yake alikwenda kwenye duka la intaneti akarudi na programu ya bure iliyojidai kutibu maradhi yote ya kompyuta. Programu hiyo ilihesabu makosa kwa makumi, ikayaonyesha kwa rangi nyekundu, kisha ikadai dola kabla ya kurekebisha hata moja. Siku ya pili mama wa nyumba aliipeleka kompyuta kwa fundi mjini. Fundi hakuifungua. Aliitazama tu, akasema kadi ya waifai imeungua na ya sauti kadhalika, akataja bei iliyokaribia nusu ya bei ya kompyuta yenyewe.

"Baba watoto," mama alimwambia mumewe usiku ule, "fedha iliyopo ni ya ada ya muhula. Tukimpa fundi, mtoto ataingiaje darasani?"

Sajini hakuwa na jibu. Asubuhi alimwita koplo wa kikosi cha mawasiliano aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Koplo alikuja na simu yake na waya wa kuchajia, wala hakubeba bisibisi. Aliketi, akabonyeza vitufe viwili vitatu, akatazama kioo kwa muda.

"Afande," alisema, "hizi hazijaungua. Zote zimeitika."

Maneno hayo ya koplo ndiyo msingi wa jambo lote. Ndani ya kompyuta mna vifaa vingi: kadi ya waifai, kifaa cha sauti, cha picha, na vingine ambavyo mtumiaji hana habari navyo. Windows haijui kuviamuru moja kwa moja. Kila kifaa huhitaji programu ndogo inayozipokea amri za Windows na kuzigeuza kuwa lugha ya kifaa kile. Programu hiyo huitwa draiva, yaani dereva, na jina limekaa mahali pake, kwa maana gari zima lenye mafuta tele halitoki uwanjani ikiwa dereva hayupo. Kompyuta inapofutwa, draiva zilizowekwa na kiwanda hufutwa pamoja na vingine. Ni kweli kwamba Windows 10 na Windows 11 huja na draiva nyingi zao zenyewe, lakini si za kila kifaa, na zile zinazokosekana huzitafuta kwa intaneti. Basi ikiwa iliyokosekana ni draiva ya waifai, ufunguo wa ghala umefungiwa ndani ya ghala.

Hata hivyo, kifaa kisicho na draiva kina neno moja kinachoweza kulisema. Kompyuta inapowashwa, kila kifaa kilichounganishwa huulizwa "wewe ni nani?", kama mlinzi wa lango aulizavyo usiku, na kilicho hai hujibu kwa kutaja namba ya kiwanda chake na namba yake mwenyewe. Hujibu hata kama draiva yake haipo. Kifaa kilichoungua kwa kweli aghalabu hakijibu, na hata katika orodha hakionekani. Fundi wa mjini angeitazama orodha hiyo kwa dakika moja asingesema aliyoyasema. Huenda hakuwa mwizi. Uvivu wa kutazama humgharimu mteja sawasawa na wizi.

Orodha yenyewe huitwa Device Manager. Hufunguliwa kwa kubonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya dirisha na herufi X, kisha herufi M. Katika kompyuta ya sajini, chini ya kichwa "Other devices", palikuwa na mistari kadhaa yenye pembetatu ya manjano na alama ya mshangao. Mmoja uliandikwa "Network Controller", nao ndio waifai. Mwingine uliandikwa "PCI Simple Communications Controller", jina linalowatisha wengi bila sababu. Kwa kawaida hicho ni kifaa cha usimamizi cha Intel, na kompyuta yaweza kukaa siku kadhaa bila draiva yake mtumiaji asihisi lolote. Ukibofya mstari mara mbili, hufunguka maelezo na namba ya kosa. Kosa namba 28 maana yake ni kwamba draiva haijawekwa, basi. Kosa namba 22 maana yake kifaa kimezimwa na mtu, nacho hurudishwa kwa kubofya tu. Namba 10 na 43 ndizo za kutilia shaka: huenda draiva si sahihi, au huenda kweli kifaa kina ubovu, na hapo fundi ana haki ya kuitwa.

Mistari ya sajini yote ilikuwa na namba 28.

Koplo alifungua ukurasa wa "Details", akachagua "Hardware Ids", na jibu la kifaa likaonekana. Katika jibu hilo kuna herufi VEN zikifuatwa na tarakimu nne za kiwanda, kisha DEV na tarakimu nne za kifaa chenyewe. Tarakimu hizo wakati mwingine huwa na herufi ndani yake, na jambo hilo lisimbabaishe mtu. Namba 10EC ni ya Realtek ya Taiwan, 14E4 ni ya Broadcom, 10DE ni ya NVIDIA, 1002 ni ya AMD. Intel walijichukulia 8086, ambayo ndiyo namba ya kichakataji chao maarufu cha mwaka 1978. Mwenye namba hizi mbili, ya VEN na ya DEV, amekwisha kujua anachokitafuta, wala hana haja ya kubahatisha wala ya kuamini programu inayodai dola.

Pa kutafuta ni kwenye tovuti ya kiwanda kilichotengeneza kompyuta, kwa kutumia namba ya kompyuta iliyobandikwa chini yake. Dell huiita Service Tag, nayo ina herufi na tarakimu saba. HP na Lenovo huwa na namba zao. Karatasi ikiwa imesuguliwa ikafutika, kama ilivyo kwa kompyuta nyingi zilizokwisha kutumika, namba hiyo kwa kawaida huonekana pia katika ukurasa wa BIOS kabla Windows haijaanza. Tovuti nyingine zinazogawa draiva za kila kiwanda zifaa kuepukwa. Draiva hukaa karibu sana na moyo wa kompyuta, na mwovu akiingia kwa mlango huo, kumtoa ni kazi kubwa. Yapasa pia kuangalia kama Windows iliyomo ni ya biti 32 au 64, maana draiva ya moja haiwezi kuiendesha nyingine.

Ulibaki ule ufunguo uliofungiwa ghalani. Hapo ndipo simu ya koplo ilipofanya kazi. Aliiunganisha na kompyuta kwa waya, akaingia katika mipangilio ya simu na kuwasha kile kiitwacho USB tethering. Kwa simu nyingi za Android, Windows huwa nayo tayari draiva ya kuongea na simu kwa njia hiyo, na kompyuta huiona simu kama waya wa kawaida wa intaneti. Papo hapo intaneti ikaingia.

"Koplo, hizo megabaiti zako zisiishie kwetu," mama alisema.

"Mama, ya waifai ni ndogo," koplo alijibu. "Ile ya picha ndiyo mlafi, tutaiacha mpaka waifai ipone."

Alisema kweli. Draiva ya waifai au ya sauti kwa kawaida haihitaji intaneti nyingi, lakini ya picha, hasa ya NVIDIA, hufikia mamia ya megabaiti. Ni vizuri pia kujua kwamba Windows ikishaionja intaneti yaweza kuanza kupakua mambo yake mengine makubwa. Kwa hiyo muunganisho huo wa simu uwekewe alama ya "metered" katika mipangilio. Koplo alipakua draiva ya waifai kutoka kwa kiwanda, akaiweka, akaizima kompyuta na kuiwasha. Alama ya waifai ikarudi. Mengine yaliletwa na Windows Update yenyewe, katika sehemu ya "optional updates". Kabla ya saa sita mchana herufi zilikuwa zimerudi saizi yake, na mwalimu wa hesabu alikuwa akisikika sebuleni.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba, 2025, na familia nyingi zitalazimika kuhamia Windows 11 au Linux. Basi kazi hii ya kupiga upya itakuwa nyingi, na katika kompyuta mpya zaidi kuna mtego mwingine. Katika nyingi zenye kichakataji cha Intel cha kizazi cha 11 na kuendelea, Windows inapoanza kuwekwa husema haioni diski yoyote. Watu wamenunua diski mpya kwa sababu hiyo. Diski ni nzima. Inayokosekana ni draiva ya Intel ya kuhifadhia, nayo hutolewa katika tovuti ya kiwanda, hufunguliwa katika flashi, na kuonyeshwa kwa kubofya "Load driver".

Kuliko yote, bora draiva zihifadhiwe kabla ya kompyuta kufutwa. Hufunguliwa dirisha la amri kwa cheo cha Administrator, huundwa folda katika flashi, kisha huandikwa: pnputil /export-driver * E:\draiva, ambapo E ni herufi ya flashi ile. Draiva zote zilizoongezwa na kiwanda hunakiliwa humo. Baada ya kupiga Windows upya, kila mstari wenye pembetatu huonyeshwa folda ile kwa kubofya "Update driver" na kuchagua kutafuta ndani ya kompyuta.

Koplo aliifanya kazi hiyo siku ile ile kabla hajanywa chai. Mama wa nyumba alichukua kipande cha plasta, akaandika juu yake jina la kompyuta, namba yake na tarehe, akakibandika kwenye flashi, kisha akaitia flashi katika kopo la bati linalohifadhi vyeti vya kuzaliwa vya watoto, lile ambalo familia ikipewa uhamisho hubebwa mkononi wala haliachwi juu ya lori.