Daftari la Wiki: Bata Hashoni Sare

Msimu wa korosho ndio huo. Malipo ya mnada yakishaingia tu, maduka ya Mtwara mjini yanatoa majokofu na spika mpaka njiani, na spika zinaanza kulia saa mbili asubuhi. Mteja haulizi kitu, maana hasikiki. Nashuku ndiyo mbinu yenyewe.

*

Jirani yangu kalipwa, na binti yake kamaliza ushonaji VETA. Wakaniomba niwasindikize kununua cherehani. Dukani tukaonyeshwa moja ya umeme, nyeupe, nyepesi, imechorwa mishono kibao usoni: maua, mawimbi, hata bata. Binti macho yakamng'aa. Mama akauliza swali moja: "Umeme ukikatika je?" Muuzaji akatabasamu kama bwana harusi aliyeulizwa habari za talaka.

Bata hamshonei mtu sare. Wateja wa binti huyu wanajulikana kabla hajafungua kibanda: sare za shule Januari, madera, nguo za unyago, suruali za kupunguza, na kanga, kanga, kanga. Doti inauzwa vipande viwili vimeshikana. Haivaliki mpaka ikatwe na kupindwa. Kazi hiyo inataka mshono mmoja ulionyooka, asubuhi mpaka magharibi. Hapo cherehani ya kukanyaga yenye kichwa cha chuma, iwe Singer ya zamani au Butterfly ya Shanghai, sijaona ya kuishinda. Mkanda ukikatika unaungwa kwa kipande cha waya na kazi inaendelea. Ile nyeupe wala haili umeme mwingi. Mota ya wati 100 inashona saa kumi kwa uniti moja. Shida ni siku saketi ikiungua au gia ya plastiki ikikatika meno: nani ataitengeneza, na kwa kifaa kipi?

Tukaenda kwa fundi anayeuza zilizotumika. Nakshi za dhahabu hata hakuziangalia. Alivua mkanda, akazungusha gurudumu kwa mkono huku kainamisha sikio, kisha akaishika sindano kwa vidole viwili na kuitikisa. "Ikicheza hapa, mama, itaruka mishono mpaka uichukie." Akakunja kanga mara nne, akashona, akageuza upande wa chini. Uzi wa chini ulikuwa umelala umenyooka tu, maana yake uzi wa juu umelegea. Akakaza skrubu kidogo, akashona tena. Safari hii mafundo yakazama ndani ya kitambaa, hayaonekani juu wala chini. Akabadili sindano, namba 14 ya pamba akaweka 16, akapitisha upindo wa jinzi. Ikapita. Ushauri wake wa mwisho alimpa binti kwa ukali kidogo: mafuta ya cherehani ni mafuta ya cherehani, ya alizeti yanaganda na kuwa gundi.

Wakainunua. Taslimu, noti juu ya noti. Na hapo ndipo nilipokasirika, si kwa fundi. Singer walitajirika kwa kukopesha: tangu miaka ya 1850 huko Marekani, familia ilichukua cherehani ikalipa kidogo kidogo huku mashine inafanya kazi. Mkulima wetu hulipwa kwa msimu, kupitia stakabadhi ghalani, na makato yanajua njia ya kumfikia kabla ya yeye mwenyewe. Kwa nini cherehani haimo humo? Ikopeshwe Machi, ikatwe Novemba. Badala yake anayeitaka Machi anaambiwa asubiri korosho, na korosho zikija spika ndiyo inayopiga kelele zaidi.

*

Msomaji anajua ninakoelekea, avumilie. Gesi ya Mnazi Bay, hapa kwetu, iligunduliwa 1982. Tangu 2015 inasafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam. Jumanne tulikuwa tunajaribu blenda dukani, hapa hapa Mtwara, umeme ukakatika embe likiwa nusu. Nimemaliza. Kwa wiki hii.

*

Huko Shangani kuna mtu katumiwa na nduguye wa Muscat mashine ya kufyonza vumbi. Wati 2000! Anaitaja namba hiyo kama cheo. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1600 mwaka 2014, ukakishusha hadi 900 mwaka 2017, kwa kuwa wati ni umeme unaoliwa, wala si vumbi linalonyonywa. Uniti mbili kwa saa, kwa mchanga utakaorudi na upepo wa jioni. Zulia hana. Ana mikeka, na mkeka dawa yake ni kuutoa nje ukaukung'uta.

*

"Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Imechapwa kwenye risiti, chini ya "Karibu tena". Na Sheria ya Ushindani ya 2003, inayomlinda mteja, ipo.

*

Pasi mpya, ya chuma, plagi ya pini mbili. Soketi zetu za matundu matatu. La juu ni la ethi, na kwa pasi ya chuma ndilo linalokulinda usirushwe. Muuzaji hakupoteza muda na hayo. Alichomoa kifuniko cha peni, akakichomeka tundu la juu mpaka ya chini yakafunguka, akasukumiza plagi, taa nyekundu ikawaka. Akafunga boksi, akanikabidhi na kifuniko juu yake: "Na hiki usikipoteze, mzee."